Vitabu vya Kubeba Unapokwenda Nyumbani Desemba

Watu wakiniuliza wasome nini sikukuu, nagundua wengi wana picha ya mtu aliyejifunika blanketi, kikombe mkononi, nyumba nzima kimya. Nyumba ipi hiyo? Sisi tunaokwenda Moshi kila Krismasi tunalala wanne kitanda kimoja, shangazi anaita kutoka jikoni, watoto wanakimbizana, na mgeni akipiga hodi unainuka kumpisha kiti. Kwetu kitabu cha sikukuu lazima kivumilie kelele. Ukiitwa kumenya ndizi za mtori, ukifunike bila uchungu. Ukirudi jioni, ukidake pale ulipokiachia. Na kisikuvunje moyo, kwa sababu hakuna chumba cha kwenda kulilia.

Kwa vigezo hivyo, wa kwanza ni mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta kwetu katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la hadithi za Kiswahili, kisha akamwendeleza katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine. Ni hadithi za upelelezi, na watu wanauawa humo, lakini hazikunyimi usingizi. Bwana Msa hapigi mtu ngumi. Anavuta kiko chake, anauliza swali linaloonekana halina maana, na rafiki yake Najum anabaki kukuna kichwa pamoja na wewe. Wanaosema ananukia Sherlock Holmes hawajakosea, ila mazungumzo ni ya Kiunguja hasa: watu wanataniana, wanazungushana, wanafichana mambo kwa adabu zote. Mimi huvisoma kwa ajili ya mazungumzo hayo kuliko kwa ajili ya muuaji. Anza na Mzimu. Na kama mko wawili mnaokisoma kwa zamu, aliyetangulia apigwe marufuku kufungua mdomo mezani.

Cha pili ni kirefu, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali cha Aniceti Kitereza. Usitishwe na jina. Kitereza, mtu wa Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakikupata mchapishaji, mwishowe akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 katika vitabu viwili. Mwaka uliofuata akafariki. Kisa chenyewe ni chepesi kueleza: mume na mke wanapendana, hawajajaliwa mtoto, wakwe wanamchukua binti yao, na mume akitaka kumrudisha anatozwa pombe ya ndizi. Basi. Kilichobaki ni maisha: watu wanalima, wanavua, wanapika, wanatibiwa, wanasalimiana kwa kirefu mpaka salamu zenyewe zinakuwa hadithi. Ukikisoma kwenye daladala utakitupa dirishani. Likizoni ndipo mahali pake, kwa sababu likizoni nawe unasalimiana kwa kirefu namna ileile.

Jaribu kuwasomea wazee kwa sauti zile kurasa za kutengeneza pombe. Kwetu nilisoma aya mbili tu, mzee mmoja akanisimamisha: ulezi wao wanautia lini? Hapo kitabu kikafungwa, likaanza darasa la mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Kichagga, ambalo halikuisha mpaka chakula kilipoletwa. Sikurudi kwenye ukurasa ule siku hiyo, na sikujali.

Utubora Mkulima cha Shaaban Robert kinatosha mchana mmoja au miwili. Mtu anaacha kazi yake ya mjini anakwenda kulima, na mwandishi anamsifu bila kificho. Wapo wanaosema wahusika wa Shaaban Robert ni wema kupita kiasi, majina yao yenyewe yanakutangazia tabia zao. Ni kweli, na mwezi wa sita huenda hilo likanikera. Desemba nauhitaji wema huo. Tahadhari moja tu: usikisome tarehe 30 kama una bosi anayekusubiri Januari.

Kwa watoto sina mengi ya kusema kwa sababu jibu linajulikana, Hekaya za Abunuwasi. Kile kisa cha sufuria iliyozaa, kisha ikafa, kinasomeka dakika chache kabla ya kulala, na watoto watakidai tena kesho yake. Wakikua kidogo wape Adili na Nduguze, chenye wale nyani wawili wanaochapwa kila usiku. Hakuna mtoto atakayekubali uishie hapo bila kumwambia ni kwa nini.

Kijana wa sekondari, au mtu mzima aliyepita huko, ningemrudishia Siku Njema cha Ken Walibora. Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na safari ile inavutia sana. Tatizo ni kwamba wengi walikisoma wakiwa na kalamu ya mtihani, wakitafuta dhamira na tamathali za kuorodhesha. Kisome safari hii bila kalamu. Ruka unapotaka.

Sasa vya kuacha nyumbani. Rosa Mistika cha Kezilahabi na Utengano cha Said Ahmed Mohamed ni vitabu vikubwa na sitamsikiliza anayevibeza. Lakini kukaa na msiba wa Rosa huku wenzako wanachoma nyama ni kujitafutia ugomvi na familia. Vina miezi kumi na moja mingine.

Ila kama wewe ni wa kubaki Dar, sheria zangu zote hazikuhusu. Barabara nyeupe, majirani wamesafiri, simu haiiti. Hapo beba kizito: Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 ambayo Ida Hadjivayanis aliitia Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwa mfanyabiashara kulipia deni la baba yake, na misafara ya bara inamkuza. Haina faraja nyingi, lakini inataka umakini, na umakini ndio utakaokuwa nao tele wiki hiyo.

Vitafute mapema, kabla maduka hayajafunga kwa sikukuu. Dar huanzia duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) mtaa wa Samora. Vitabu vya Bwana Msa hupatikana kwa bahati tu, kwa hiyo pitia na wauza vitabu vya mtumba barabarani. Na andika jina lako ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya wino, maana nyumba yenye wageni thelathini hairudishi kitabu kisicho na mwenyewe.