Si ujinga, ndugu yangu

Umeuliza mtu mwenye akili zake anawezaje kuuza shamba na kumfuata nabii hadi kaburini. Hawaanzi na kaburi. Wanaanza na faraja.

Tazama Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Waliowafuata Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, viongozi wa kundi la kidini la huko, wengi walikuwa Wakatoliki wa kawaida, na miongoni mwa viongozi walikuwamo hata mapadri. Ukimwi ulikuwa umemaliza familia nzima nzima. Ndipo anakuja mtu anasema Bikira Maria amemtokea, njoo, hapa kuna wokovu. Nani asingesikiliza?

Ukishaingia, unauza mali na kukabidhi fedha, kwa hiyo huna pa kurudi. Mume na mke wanatenganishwa. Kazi nyingi, chakula kidogo. Linaloniumiza zaidi ni hili: walikatazwa kuzungumza, wakawasiliana kwa ishara. Fikiria una shaka moyoni na huwezi kumnong'oneza hata aliye kando yako! Kila mmoja anabaki akidhani ni yeye peke yake anayeshuku.

Viongozi walikuwa wametabiri kwamba dunia ingeisha pamoja na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki pale pale, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea na mamia ya watu ndani. Baadaye yakafukuliwa makaburi ya halaiki; waliokufa walizidi 700.

Ndiyo maana nakusihi, shemeji yako aliyemfuata nabii wake usimwite mjinga. Mpigie simu, mtembelee, muulize habari za watoto, ajue nyumbani bado kupo.