Kabla Hujaamini Ile Rangi ya Zambarau

Wadogo zangu mnaoingia maabara muhula huu kupima vimeng'enya vya mizizi vinavyopunguza chuma (kwa lugha ya kemia, kukipunguza ni kukiongezea elektroni), wacha nianze na aibu yangu. Jaribio langu la kwanza hapa Kisumu nilitumia mahindi. Mbegu nilikuwa nazo, yanaota haraka, na nani huku asiyejua kutunza mahindi? Nikayaotesha kwenye ndoo za maji ya virutubisho, nikayanyima chuma wiki mbili, nikapima, nikapata karibu sifuri. Nikalaumu kemikali. Fundi wetu wa maabara, mzee tuliyemwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, ingawa hakuwahi kushika chaki, alichungulia ndoo zangu akauliza taratibu, "Kwani hukujua mahindi ni ndugu ya nyasi?"

Jamii ya nyasi, mahindi na mtama wakiwemo, mizizi yake humwaga vitu vinavyokamata Fe³⁺, yaani chuma kilichopungukiwa elektroni tatu, udongoni, kisha hukivuta ndani chuma pamoja na kilichokikamata. Maharagwe, kunde na nyanya hawana ujanja huo. Wao hutoa asidi ili chuma kiyeyuke, halafu kimeng'enya kilicho kwenye utando wa seli za nje za mzizi huchukua elektroni za NADPH, molekuli inayozibeba ndani ya seli, huzipitisha kwenye FAD na hemu, vipokezi vilivyo ndani ya kimeng'enya chenyewe, na kukabidhi moja moja kwa Fe³⁺ iliyo nje. Ikishakuwa Fe²⁺ ndipo mlango uitwao IRT1 unaipokea. Kwenye arabidopsisi, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, kimeng'enya hicho ni FRO2, na jeni lake lilitambuliwa mwaka 1999. Hamira nayo ina vimeng'enya vya aina hiyo, FRE1 na FRE2, lakini mambo yake huwa yananichekesha: ikishapunguza chuma, hukioksidisha tena, yaani hukinyang'anya elektroni, pale pale mlangoni kabla ya kukiingiza.

Kwa hiyo pandeni maharagwe. Ila hata hapo nilijikwaa. Nilichukua maharagwe ya aina ya Nyota, yale yanayosifiwa kwa wingi wa chuma, nikashangaa mbona mimea inakataa kudhoofika. Mbegu ilikuwa imebeba akiba yake kutoka nyumbani! Siku hizi nakata majani-mbegu mapema, nasubiri majani machanga yawe njano huku mishipa ikibaki kijani. Njano ikianzia majani ya chini ya zamani, hiyo huenda ni njaa ya nitrojeni, na ndiyo mtakayoiona zaidi mashambani kwetu. Udongo mwekundu wa Maseno au Kakamega una chuma tele na ni wa asidi, kwa hiyo msitarajie kuokota mmea wenye upungufu kando ya njia. Na vumbi lake jekundu likiingia kwenye ndoo, mmea mnaodhani una njaa unakula kisirisiri. Funikeni ndoo. Chupa zote zilale kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10 usiku kucha, zisuuzwe kwa maji yaliyoondolewa ioni. Ya bomba hapana.

Sasa rangi yenyewe. Mnaweka mizizi kwenye maji yenye Fe³⁺-EDTA (chuma kilichoshikwa na kemikali ya EDTA kisigande) pamoja na ferozini, kemikali ya kuonyesha rangi. Kila Fe²⁺ inayozaliwa hushikwa na ferozini, na maji yanageuka zambarau. Inapendeza mno, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Meza yangu ilikuwa karibu na dirisha linalotazama ziwa. Vipimo vya asubuhi vilikuwa vya kawaida, vya saa nane mchana vilikuwa maradufu. Nikaanza kujiandikia maelezo marefu kuhusu saa za ndani za mmea, nusura niyapeleke kwa msimamizi. Japuonj akauliza blanki iko wapi, ile chupa yenye kila kitu isipokuwa mizizi. Nilikuwa nimeipima mara moja tu asubuhi na kuitoa katika hesabu zote za siku. Tukaiweka pale dirishani. Baada ya saa moja ilikuwa zambarau, bila mzizi hata mmoja.

Jua hupunguza Fe³⁺-EDTA lenyewe, halihitaji kimeng'enya. Fungeni chupa kwa foili, fanyeni kazi gizani, na kila kundi la vipimo liwe na blanki yake ya saa ile ile. Ongezeni na chupa ya mizizi iliyochemshwa: kimeng'enya kimekufa, kwa hiyo rangi mtakayoiona hapo imetoka kwingine. Mizizi msiivute kwa nguvu pia. Ikikatika huvujisha vitu vya ndani vinavyopunguza chuma bila ruhusa ya mtu, nanyi mtaviandika kama kazi ya utando.

Hesabu si ngumu. Mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na maji someni kwenye nanomita 562, toeni blanki, gawanyeni kwa 27.9, kipimo cha nguvu ya rangi ya ferozini ikishashika Fe²⁺, mpate milimoli kwa lita. Ikibaki 0.279, hiyo ni mikromoli 10 kwa lita. Kama maji yalikuwa mililita 20, mna nanomoli 200. Kama mizizi ilikuwa nusu gramu na mlisubiri saa moja, andikeni nanomoli 400 kwa gramu kwa saa. Uzito mpime baada ya kukausha maji ya juu kwa karatasi, na kwa namna moja kila siku, maana mizizi iliyolowa imewahi kunipa wiki nzima ya namba za hovyo. Na chupa zirudi kwenye asidi kabla hamjatoka kwenda kula.