Maswali na Majibu: Gari la Zamani Linapokataa Kuwaka

Barua za safari hii zimetoka kwa wenye magari ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na ya dizeli ya zamani, yale yasiyo na kompyuta ya kumwambia fundi kilichoharibika. Karibu kila barua imeanza na orodha ya vipuri vilivyokwisha kununuliwa, nami nitaanza na vipimo visivyogharimu kitu.

Fundi, Corolla yangu, KE70, huwaka asubuhi mara moja tu ninapogusa ufunguo, lakini nikisimama mchana kwa dakika kumi inakataa mpaka injini ipoe. Nimekwisha kubadilisha pampu ya mafuta, plagi na betri. – Msomaji, Morogoro

Ndugu, nasikitika kwamba huenda betri uliyoitoa ilikuwa nzima. Injini inayowaka vizuri ikiwa baridi na kukataa ikiwa ya moto mara nyingi huwa na mojawapo ya kasoro tatu ambazo kwa nje zinafanana: petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba, petroli imezidi na kulowesha plagi, au koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche za plagi, inashindwa kufanya kazi kwa sababu ya joto. Unapozima gari, feni husimama na maji huacha kuzunguka, lakini chuma cha injini kinabaki na moto wake, hivyo joto chini ya boneti hupanda kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza kushuka. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 40 hivi, na bomba linalopita karibu na manifoldi ya moshi hufikia kiwango hicho bila shida.

Kipimo kifanyike wakati uleule gari limekataa. Ukilivuta hadi gereji litakuwa limepoa, na litawaka mbele ya fundi kana kwamba linakudhihaki. Fungua kifuniko cha filta ya hewa, kisha vuta waya wa akselereta kwa mkono huku ukitazama ndani ya koo la kabureta, injini ikiwa imezimwa. Ukiona mchirizi mwembamba wa petroli, mafuta yamefika. Usipouona, bakuli la kabureta ni tupu na mvuke umeziba njia. Katika hali hiyo, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya pampu na bomba lake, usubiri kidogo, kisha ujaribu tena. Madereva wa zamani walikitumia kitambaa hicho kama dawa, lakini mimi nakithamini zaidi kama kipimo, kwa sababu gari likiwaka baada yake umekwisha kujua ugonjwa.

Ikiwa petroli ipo na harufu yake ni kali, kanyaga mafuta mpaka chini, usiyapampu, na upige stata kwa sekunde chache ili hewa ikaushe plagi. Ikiwa petroli ipo lakini haina harufu ya kuzidi, chomoa waya mmoja wa plagi, uuvalishe plagi ya akiba, uiegemeze plagi hiyo kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, na mtu mwingine apige stata. Cheche nene ya buluu ni dalili njema. Cheche nyekundu iliyodhoofika inaelekeza kwenye koili au kondensa, kifaa kidogo cha umeme kinachosaidiana na koili. Jambo moja zaidi: chagiza fundi akuonyeshe gasketi nene ya kuzuia joto iliyo chini ya kabureta. Nimeona magari mengi ambayo gasketi hiyo ilitupwa wakati wa matengenezo na pahali pake pakawekwa ya karatasi.

Datsun 120Y yangu inashika moto stata inapozunguka, ila nikiachia ufunguo tu inazima papo hapo. Fundi anasema kabureta. – Msomaji, Kisumu

Kabureta haijui ufunguo wako uko wapi, lakini koili inajua. Katika magari mengi ya enzi hiyo, wakati wa kupiga stata koili hupata umeme wa betri moja kwa moja, na ufunguo ukirudi nyuma umeme hupitia kwenye rezista, kijiti cha kauri kilichofungwa karibu na koili. Kikikatika, utaona hasa haya uliyoyaeleza. Kipime kwa taa ya majaribio pande zote mbili huku ufunguo ukiwa umewashwa na pointi (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) zimefungana: taa ikiwaka upande mmoja na upande wa pili isiwake kabisa, kimekufa. Usikubali kuunganishiwa waya wa kukiruka ukae hivyo daima, kwa sababu koili itachemka na pointi zitaungua.

Peugeot 504 yangu ya petroli hukimbia vizuri kama kilomita 20, kisha huanza kukohoa kama imeishiwa mafuta na kuzima. Nikipumzika huendelea. Tangi lina mafuta. Kifuniko cha tangi kiliibwa, kwa sasa nimefunga nailoni na mpira. – Msomaji, Tanga

Jibu umelitaja mwenyewe mwishoni mwa barua. Mafuta yanapotoka kwenye tangi, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Nailoni imeziba njia hiyo, tangi linajivuta lenyewe, na pampu inashindwa. Gari linapoanza kukohoa, simama na ulegeze nailoni: ukisikia hewa ikiingia kwa mlio na gari likaendelea, nunua kifuniko kinachofaa na usinunue kitu kingine. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua kabureta mara tatu kwa kosa kama hili, na mara ya tatu nilipoteza hata skrubu ya jeti. Ikiwa hakuna mlio, kagua filta ya mafuta, kisha chuja petroli ya chini ya tangi kwenye kitambaa cheupe uone kama kuna kutu, kwani kutu hukusanyika kwenye mdomo wa bomba gari likiwa mwendoni na kuanguka likisimama.

Hilux yangu ya dizeli, injini ya 2L, asubuhi huzunguka muda mrefu sana kabla ya kuwaka. Nimeambiwa pampu ya injekta imekufa. – Msomaji, Arusha

Kabla ya kutenganisha pampu ya injekta, ambayo ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote katika mfumo huo, tazama bomba la moshi wakati mwenzako anapiga stata. Moshi mweupe unamaanisha dizeli inaingia kwenye silinda lakini haishiki moto, hivyo anza na hita plagi, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha: kila moja ipimwe kwa mita, na ile ambayo umeme haupiti kabisa imekufa. Ukikosa moshi wowote, dizeli haifiki.

Kwa hali hiyo ya pili, kesho asubuhi kabla ya kugusa ufunguo bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja, pampu ya injekta haina hatia. Hewa inaingia mahali fulani usiku na dizeli inarudi tangini. Usiku unaofuata liegeshe kichwa kikielekea chini ili tangi liwe juu, na likiamka vizuri umethibitisha. Watuhumiwa wa kawaida ni mipira midogo ya kurudisha mafuta iliyopasuka, oringi (pete ya mpira) ya filta, na pampu ya mkono yenyewe. Kipande cha mpira wa plastiki unaopenya mwanga, kikiwekwa kwa muda kati ya filta na pampu ya injekta, kitakuonyesha mapovu.

Je, petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kulifanya gari likatae kuwaka? – Msomaji, Dodoma

Inaweza, kwa kuwa mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi na injini baridi hupata shida kuyawasha, kisha injini ikishapata moto hutoa mlio wa kugonga inapopanda mlima. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili yasiwe rahisi kuchanganywa. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe safi: petroli hukauka bila kuacha kitu, nayo iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Lakini ikiwa tatizo lilikuwapo kabla ya kujaza tangi hili, acha kukilaumu kituo.

Unapochukua sampuli, legeza bomba upokee kwa chupa. Usivute petroli kwa mdomo kama tulivyozoea, kwani ikipenya mapafuni hata kidogo huyaunguza.