Kiranja, kelele na fimbo: majibu ya maswali yenu

Wiki hii maswali mengi yanahusu jambo moja: namna ya kumwongoza mtoto darasani bila kumchapa wala kumtisha, yaani nidhamu chanya. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka mingi, kwa hiyo najibu kwa yale niliyoyaona, pamoja na niliyoyakosea.

Shikamoo Mwalimu. Nina watoto 86 wa darasa la awali, niko peke yangu. Asubuhi wanatulia, lakini tukishakunywa uji darasa linakuwa soko. Nagonga meza kwa rula mpaka mkono unauma. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na pole. Watoto 86 ni mzigo wa walimu watatu, usijilaumu. Ila tuitazame hiyo saa ya uji. Mtoto wa kwanza anamaliza kikombe chake, wa mwisho bado yuko kwenye foleni. Huyo wa kwanza afanye nini muda wote huo? Hajapewa kazi, basi anajitafutia: anamvuta mwenzake shati, anachezea maji. Mpe la kufanya. Aliyemaliza asuuze kikombe, akiweke kwenye beseni, aende kwenye kona yake. Huku vizibo vya soda vya kuhesabia, kule udongo wa kufinyanga, pale vitabu vya picha. Waingize kumi kumi, si wote kwa mkupuo.

Rula iache, wameshaizoea. Chagua wimbo mmoja wa kurudia darasani, uwe huohuo kila siku, uuanze wewe mlangoni kwa sauti ya chini. Siku za mwanzo watakuchezea, usiubadilishe. Na ukisema "Acheni kelele!", mtoto wa miaka mitano hajui afanye nini badala yake. Sema "Tukae, mikono kwenye dawati, tusikilize hadithi," hapo ameelewa.

Mimi sichapi. Nikitoka darasani kiranja anaandika majina ya wapiga kelele, na walioandikwa wanafagia wakati wenzao wanacheza. Hiyo si nidhamu chanya? (Mwalimu wa darasa la nne, Tanga)

Hapana, mwalimu mwenzangu, na nisamehe nikisema kwa ukali kidogo, maana hili la majina linaniuma. Kiranja wako ni mtoto wa miaka kumi. Umempa kalamu na uwezo wa kumwadhibu yule aliyemnyima embe jana. Majina mengine hufutwa kwa karanga. Aliyeandikwa bila kosa hana pa kusemea. Kiranja naye unamwonea, kwa sababu wenzake wanamkimbia. Halafu kufagia, ambayo ni kazi yetu sote, umeigeuza kuwa aibu ya wakosaji.

Mimi nilikuwa na mtoto wa darasa la tatu ambaye jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi ya kiranja karibu kila siku. "Anasukuma wenzake." Nilimwadhibu muhula karibu mzima. Siku moja nikakaa nyuma ya darasa, mwenzangu anafundisha. Dawati la watu watatu lilikuwa na watano, na yeye yuko ukingoni, nusu ya mwili iko nje. Wenzake wakiandika, viwiko vinapanuka, anadondoka, anasukuma ili apande tena. Nilimhamishia mkekani, mbele. Hakuandikwa tena. Sikuwahi kumwomba radhi, na hilo bado ninalo moyoni.

Kwa hiyo, kabla hujatoka, acha ubaoni kazi wanayoiweza, uwaambie utakagua nini ukirudi. Kiranja agawe madaftari na kuwasaidia waliokwama. Ukirudi, uliza darasa zima: kipi kimetushinda leo?

Mwanangu wa miaka minne anang'ata wenzake shuleni. Nimeshauriwa nimng'ate na mimi ajue uchungu wake. (Mama, Mombasa)

Usimng'ate, mama. Atajua tu kwamba na wakubwa hung'ata. Kaa na mwalimu wake mwangalie anang'ata lini: akiwa na njaa, akinyang'anywa kitu, au kwenye msongamano wa foleni? Nyumbani mfundisheni kwa mchezo kusema "Hicho changu, nirudishie." Aking'ata, mwalimu amhudumie kwanza aliyeumia, na mwanao asaidie kuleta maji.

Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Mbona mnatuharibia watoto? (Baba wa watoto watatu, Dodoma)

Methali ni ya kweli, baba. Lakini mtazame anayemkunja samaki: anamkunja taratibu kwa vidole, kwa sababu bado ni laini. Ukimpiga, anapondeka. Tumekuwa watu, ndiyo. Na wale wenzetu walioacha shule kwa kumwogopa mwalimu wa hesabu, nani anawahesabu?

Sheria nayo uijue. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado vinaruhusiwa, lakini kanuni za mwaka 1979, zilizorekebishwa baadaye, zinataka viwe kwa makosa mazito tu, visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Anayechapa darasa zima kwa kukosa hesabu ameshavunja kanuni hizo. Ukiona mwanao ana alama mwilini, nenda shuleni uombe kukiona hicho kitabu.

Nawapa pipi wanaotulia. Sasa bila pipi hawatulii. (Mwalimu, Pemba)

Zipunguze kidogo kidogo, na mahali pake weka maneno. Si "mtoto mzuri", bali kile ulichokiona: "Umemsubiri mwenzako amalize kuchora." Kesho anza na yule ambaye hajawahi kupata pipi hata moja. Yupo, na unamjua.