Uliza Fundi: Kompresa inayotema maji

SWALI: Ndugu Mhariri, nina karakana ndogo ya samani nyuma ya nyumba yangu hapa Tanga, na kompresa ya mkanda yenye tangi la lita 50, ambayo kwa miaka sita nimeitumia kupigia vanishi. Zamani ilijaa kwa dakika 4. Sasa huchukua dakika 11, na kila mota inapozima husikika mlio wa upepo chini ya swichi ya presha ambao haukomi. Tena bunduki ya sprei inatema matone ya maji yanayoharibu vanishi. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, amejitolea kuniunganishia mtungi wa gesi wa kilo 15 uwe tangi la pili, ili upepo usiniishie katikati ya kabati. Je, nikubali? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mshukuru jirani yako, lakini mtungi huo usichomelewe. Chuma chake kina nguvu ya kutosha. Hatari ni mabaki ya gesi yanayoweza kulipuka moto wa kuchomelea unapoyafikia, na hata ukisalimika, mtungi hauna koki ya kutolea maji chini, hivyo utaoza kwa ndani bila wewe kuona. Isitoshe, tangi halitengenezi upepo, linauhifadhi tu. Kujaza lita 50 hadi presha ya baa 8 kunahitaji lita 400 za hewa ya kawaida, kwa hiyo pampu iliyokuwa ikitoa lita 100 kwa dakika sasa inatoa kama 36, na tangi la pili litakuongezea muda wa kusubiri tu.

Mlio usiokoma ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni rahisi. Mota inapozima, swichi hutoa upepo uliobaki kwenye kibomba chembamba, ukasikia «psss» fupi. Ukiendelea, basi valvu inayozuia upepo wa tangi kurudi kwenye pampu haifungi. Chomoa plagi, toa upepo wote mpaka geji isome sifuri, ndipo uifungue valvu hiyo: mara nyingi utakuta chembe ya kutu au kijipira kilichokauka.

Kuhusu pampu, anza na chujio la hewa, kwani vumbi la mbao hulifanya kama blanketi. Kisha, pampu ikizunguka bila chujio, weka kiganja mbele ya tundu la kuvutia hewa: ukihisi inakupulizia badala ya kuvuta tu, kibati cha valvu kwenye kichwa kimevunjika au kimeshika masizi. Ikiwa oili inatoka pamoja na upepo na tundu la kupumulia la sehemu ya oili linafuka moshi, ringi zimekwisha. Mkanda uliolegea sihitaji kukueleza.

Maji nayo hayatoki kwenye mashine, yanatoka kwenye hewa ya pwani. Siku ya nyuzi 30 yenye unyevu mwingi, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba takriban gramu 24 za mvuke, na ukiibana hadi baa 8 kisha ikapoa, kama gramu 20 hugeuka maji. Ndiyo maana chujio la maji lililofungwa kwenye tangi lenyewe halisaidii sana: upepo ukipita hapo bado una joto, na mvuke hupita nao. Vuta bomba la chuma ukutani mita sita hadi nane, lenye mteremko kidogo, toa tawi la mpira wa bunduki kutoka upande wa juu wa bomba, weka koki mwisho wake wa chini, na chujio ukalifunge karibu na bunduki. Usitumie bomba la plastiki la maji, kwa kuwa likipasuka hurusha vipande vikali.

Koki ya chini ya tangi ifunguliwe kila jioni. Kinga maji hayo kwenye kopo jeupe: yakiwa na rangi ya chai kidogo, ni kawaida; yakija na magamba ya kutu, tangi hilo lisijazwe tena wala lisizibwe kwa kuchomelea, bali libadilishwe. Valvu ya usalama nayo, ile yenye kipete, ivute mara moja kwa mwezi tangi likiwa limejaa. Isipopuliza, nunua nyingine kabla ya kuwasha tena.