Uyoga Mweupe na Ndevu za Miti ya Magamba

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi karibu na msitu wa Magamba, Lushoto. Mvua za masika zikianza tunaokota uyoga mweupe kando ya msitu, na shangazi yangu hushikilia kwamba ule ulioliwa na konokono hauna sumu. Je, ni kweli? Na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia mitini, je, zinainyonya miti hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, shangazi mheshimu, lakini katika hili usimfuate. Konokono huweza kula uyoga unaomuua binadamu na asidhurike, wala kuupika hakuondoi sumu yake.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la kisu: mwokotaji hukata uyoga juu ya udongo, akaiacha ardhini sehemu yenye ushahidi. Ufukue taratibu kwa kijiti mpaka mwisho wake. Uyoga wa vichuguu, ambao wataalamu huuita Termitomyces, una shina linaloshuka kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa. Lakini ukikuta shina limevimba na kukaa ndani ya kifuko cheupe, mithili ya ganda la yai lililopasuka, na juu yake limevaa pete, huo huenda ni Amanita, jamii yenye aina zinazoua, na usiule kabisa. Ni kweli kwamba katika misitu ya miombo wapo wanaokula baadhi ya Amanita, lakini wao wameijua aina yao tangu utotoni, na jambo hilo halikupi wewe ruhusa.

Kofia moja ya uyoga iweke juu ya karatasi iliyo nusu nyeupe na nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi utaona vumbi la spora, yaani chembe ambazo uyoga huzaliana kwazo: la Amanita ni jeupe, la Termitomyces lina wekundu hafifu. Kipimo hiki husaidia kutambua, hakitoshi kukuhakikishia usalama.

Sumu ya Amanita wanaoua hukaa kimya kwa saa 6 hadi 12, au zaidi, ndipo mtu atapike na kuharisha; baadaye huonekana kupata nafuu, kumbe ini linaharibika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya uyoga, bila kuingojea nafuu hiyo.

Ama hizo ndevu, kwa maelezo yako nadhani ni likeni wa jenasi ya Usnea, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja, mwani akitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Haziunyonyi mti, hujishikiza kwenye gome tu na kupata maji kutoka kwenye mvua na ukungu. Chukua uzi ulioanguka njiani, uuloweshe, uuvute polepole: ganda la kijivu litakatika, na ndani itatokea kamba nyeupe inayovutika kama mpira. Ramalina, likeni nyingine inayofanana nayo kwa mbali, ni bapa na haina kamba hiyo. Zilizo mitini ziache, kwa sababu hukua polepole sana.