Maswali ya Wasomaji: Saa Tunazozipa Hadithi

Barua nne nilizochagua safari hii zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini nilipozisoma kwa pamoja niliona kwamba kila mmoja wao, kwa njia yake, anauliza kama hadithi ya kwenye skrini inastahili saa tunazoipa. Nimejibu kama mtazamaji wa siku nyingi, na pale ninapotoa maoni, maoni hayo ni yangu mwenyewe.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nina umri wa miaka 41 na ninapenda kutazama anime, yaani katuni za Kijapani. Watu wa nyumbani hunishangaa na kusema kwamba nimerudi utotoni, kwa kuwa katuni ni za watoto. Mimi huona ndani yake kitu ambacho sikipati katika tamthilia zinazoigizwa na watu, lakini nikiulizwa ni kitu gani hushindwa kukieleza. Nisaidie kukitaja.

JIBU: Ndugu yangu, waeleze kwanza kisa hiki. Mnamo Aprili 1988, studio ya Ghibli ya Japani ilitoa filamu mbili siku moja ili zioneshwe pamoja. Moja ni Tonari no Totoro ya Hayao Miyazaki, kuhusu watoto wawili wa kike wanaohamia kijijini na kukutana na kiumbe mpole wa msituni. Nyingine ni Hotaru no Haka ya Isao Takahata, kuhusu mvulana na mdogo wake wa kike wanaojaribu kubaki hai katika miezi ya mwisho ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, baada ya mabomu kuuteketeza mji wao. Studio ni ileile na siku ni ileile, lakini sijawahi kukutana na mtu mzima aliyeitazama hiyo ya pili hadi mwisho akainuka na kusema kwamba ni ya watoto. Mimi niliitazama mara moja tu, miaka mingi iliyopita, na hadi leo nikikumbuka lile kopo dogo la peremende la yule mtoto, moyo hukataa kuirudia.

Ama hicho unachokitafuta jina, nadhani ni utulivu, na utulivu huo una historia yake. Mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka alipoanza kurusha Tetsuwan Atomu, katuni yake kuhusu roboti mwenye umbo la mtoto, kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963, kila wiki sehemu moja, hakuwa na fedha wala wachoraji wa kutosha. Filamu hupitisha fremu 24 kwa sekunde, na katuni za kifahari za Marekani zilizoea kuchorewa picha 12, wakati mwingine zote 24, kwa kila sekunde. Tezuka na wenzake walilazimika kubana: picha nane kwa sekunde au pungufu, mchoro mmoja ukatumika tena na tena, uso ukatulia huku midomo peke yake ikisogea. Ilikuwa njia ya kukwepa gharama, lakini wasanii waliowafuata waligeuza upungufu huo kuwa lugha. Chumba kisicho na mtu, wingu lililosimama juu ya nyaya za umeme, mhusika anayetazama dirishani bila kusema neno: mambo haya tamthilia ya watu huogopa kuyakawiza, lakini anime huyaacha yakae mpaka mtazamaji asikie pumzi zake mwenyewe.

Zaidi ya hapo, katika filamu ya watu jani linaweza kuanguka kwa sababu upepo ulivuma siku ya kupiga picha, lakini katika anime halianguki jani ambalo hakuna mtu aliyeamua lianguke. Mtazamaji akishazoea kujiuliza kwa nini jambo fulani limechorwa, hutazama kwa makini zaidi kila kitu kingine. Hilo halijakurudisha utotoni hata kidogo.

SWALI: Mwandishi, shikamoo. Nimefikia sehemu ya tisini ya tamthilia ambayo mwanzoni niliipenda sana. Sasa inanichosha, mambo yanajirudia, lakini nikiiacha naona nitakuwa nimepoteza muda wote niliokwisha kuutumia. Je, niendelee? Na kwa nini hadithi inayoanza vizuri huharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iache, na uiache leo. Saa ulizokwisha kuzitumia hazirudi, uendelee usiendelee. Zilizo mikononi mwako ni zile zinazokuja tu. Jiulize kama ungeianza tamthilia hiyo leo, ukijua yote unayoyajua. Ukisita kujibu, umekwisha kujibu.

Swali lako la pili ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu watazamaji wengi humlaumu mwigizaji au mwandishi wakati kosa limelala katika ratiba ya kurusha matangazo. Chukua anime. Nyingi hutokana na manga, yaani hadithi za picha zinazochapishwa sura baada ya sura, na anime inayorushwa kila wiki humaliza sura hizo haraka kuliko mchoraji anavyoweza kuzitunga. Ikimfikia, studio ina njia tatu: isimame imsubiri, ibuni visa vya kujazia, au ishike njia yake. Visa vya kujazia ndivyo unavyovitambua mara moja, kwa kuwa wahusika hupigana, hucheka, husafiri, kisha sehemu inayofuata huwakuta palepale walipokuwa.

Mfano ninaoupenda ni Fullmetal Alchemist, ambayo imesimuliwa mara mbili. Hiromu Arakawa alianza kuchapisha manga yake mwaka 2001. Anime ya kwanza ilianza mwaka 2003, hadithi ikiwa bado mbali na tamati, hivyo ikajitungia mwisho wake katika sehemu 51. Mwaka 2009 ikatengenezwa upya tangu mwanzo, mara hii ikifuatana na manga iliyokuwa inakaribia kufungwa, na ikamalizika mwaka 2010 kwa sehemu 64. Ukinitaka nichague, nitasema kwamba ya pili imejengwa vizuri zaidi, kwa sababu jambo dogo lililopandwa mapema huota baadaye mahali usipotarajia. Hata hivyo, ya kwanza ilikuwa na subira ambayo ya pili haina katika sura za mwanzo. Ilikaa na msiba wa wale ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao. Ya pili iliuvuka kwa haraka, kana kwamba watazamaji wote wanaufahamu. Naivulia kofia ya pili, lakini machozi yangu yalikwenda kwa ile ya kwanza, na siamini kwamba mojawapo inaifuta nyenzake.

Korea Kusini nako ratiba imeacha alama. Tamthilia zao zilizoea kuwa na sehemu 16 hivi za saa moja, mbili kila wiki, na mara nyingi huandikwa na mtu mmoja. Hiyo ndiyo nguvu yake, kwani mwandishi anajua tangu siku ya kwanza hadithi itafungwa wapi. Lakini kwa miaka mingi zilikuwa zikipigwa picha huku zinarushwa, na kurasa za sehemu ya wiki hii zikiwafikia waigizaji wiki hiihii. Ndiyo maana nyingi za zamani huanza kwa kishindo, kisha sehemu za mwisho zikajaa visengerenyuma: wapenzi mvuani, wapenzi thelujini, yaleyale tuliyokwisha kuyaona. Descendants of the Sun ya mwaka 2016 ilikamilishwa yote kabla ya kuanza kurushwa, na mafanikio yake yaliwapa wengine ujasiri wa kufanya hivyo. Katika Uturuki tatizo limekaa upande mwingine, kwa maana sehemu moja ya kila wiki huweza kupita saa mbili, na hakuna mwandishi anayeweza kujaza urefu huo wiki baada ya wiki bila kuwaacha wahusika watazamane muda mrefu huku muziki ukipigwa.

Nisieleweke kwamba urefu wenyewe ni dhambi. Dae Jang Geum, iliyorushwa Korea mwaka 2003 hadi 2004, ina sehemu 54, na mimi nisingekubali hata moja ikatwe. Msichana huingia jikoni mwa mfalme, hujifunza, husingiziwa, hupelekwa uhamishoni, hujifunza upya kazi ya tabibu, na kila hatua humwongezea jambo ambalo hatua inayofuata inalihitaji. Hicho ndicho kipimo changu, nawe ukitumie kabla hujaanza tamthilia nyingine ndefu. Chukua sehemu uliyoitazama jana, iondoe kabisa kichwani, kisha uangalie kama ya leo bado inaeleweka bila pengo lolote. Likitokea hilo mara moja, samehe. Likitokea mara tano mfululizo, unatazamishwa tu, husimuliwi.

SWALI: Ni lipi bora, kusikiliza lugha ya asili na kusoma manukuu, au kutazama iliyoingizwa sauti za lugha ninayoielewa?

JIBU: Kwa tamthilia na filamu za watu, mimi husoma manukuu, kwa kuwa sauti ya mwigizaji ni nusu ya kazi yake, na ukiiondoa unabaki na mwili uliokopeshwa roho ya mtu mwingine. Watu wengi kuliko zamani wamezoea kusoma namna hiyo. Filamu ya Kikorea ya Parasite, ya Bong Joon-ho, ilipopata tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilikuwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuipata. Kwa anime silishikilii sana jambo hili. Mdomo uliochorwa hauna lugha, na hata huko Japani sauti hurekodiwa studioni na watu ambao hatuwaoni, kwa hiyo sauti zilizoingizwa kwa ustadi haziuvunji uhusiano wowote wa asili. Tena yupo mwenye macho dhaifu, na yupo mtoto ambaye bado anasoma kwa taabu. Asiwepo wa kuwaambia kwamba hawajaiona kazi yenyewe.

SWALI: Mwandishi, katika toleo lililopita ulisema kwamba mwisho wa The Sopranos, tamthilia ya Marekani kuhusu mkuu wa genge la wahalifu, ni miongoni mwa miisho bora ya televisheni, na kwamba wasioupenda hawakuuelewa. Nimeitazama tamthilia hiyo yote, sehemu 86, na mwishoni skrini ikawa nyeusi bila kuniambia mhusika mkuu amefikwa na nini. Niliuelewa vizuri, nami nasema ni dharau kwa mtazamaji.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze kwa kukuomba radhi. Sentensi yangu ile ya pili haikuwa ya haki. Mtu anaweza kuelewa uamuzi wa msanii kikamilifu na bado akaukataa, na wewe uliyetoa saa zote hizo una haki ya kudai. Sentensi ya kwanza siiondoi, ila naona nilipaswa kueleza ninasimama wapi.

Ninatofautisha mwisho ulioachwa wazi na mwisho ambao haukufikiriwa. Huo wa pili hutokea mwandishi anapofungua mafumbo asiyo na majibu yake, akitumaini kwamba atayapata njiani. Hapo ningesimama upande wako bila kusita, kwa sababu tumeahidiwa kitu ambacho hakikuwapo. Wa kwanza umepangwa kwa mkono mtulivu. Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, alipenda kueleza kwamba bomu likilipuka ghafla chini ya meza, watazamaji hushtuka kwa sekunde chache, lakini wakijua mapema kwamba lipo, mazungumzo ya kawaida mezani huwa taharuki ya dakika nyingi. Sehemu ile ya mwisho, iliyorushwa tarehe 10 Juni 2007, huchukua wazo hilo na kulipeleka mbele zaidi, kwa kuwa hatuoneshwi bomu wala hatuhakikishiwi kwamba halipo. Tunabaki na Tony, mhusika mkuu, mtu aliyeua na kuagiza kuua, ameketi mgahawani na familia yake, na kila mteja anayeingia anaweza kuwa mteja tu.

Hukumu yako juu ya tukio hilo ni yako, nami sitakuandikia kwa mara ya pili kwamba hukuelewa. Nina ombi moja tu. Ukipata dakika tano, litazame tena, na safari hii uifuate kengele ya mlangoni. Kila inapolia Tony huinua macho, nasi huoneshwa anachokiona yeye: mwanamke asiyemjua, mkewe, mwanaume fulani, mwanawe. Nje, binti yake anahangaika kuegesha gari, anashindwa, anarudia, hatimaye anafanikiwa na kukimbilia mlangoni. Kengele inalia, Tony anainua macho, na kwa utaratibu uleule tuliokwisha kuzoeshwa, tunaoneshwa anachokiona.